Mwanamke Aliyekataa Kuni

Ukifika Wamagana na mtoto ambaye kifua chake kinapiga mluzi, hutaulizwa ukoo wala dini. Utaelekezwa tu: pita kanisa, shuka na njia ya mashamba ya kahawa, kisha uliza yule mama aliyekataa kuni. Watakuambia hivyo wakicheka, wala hawatafafanua, maana kwao jambo lenyewe linajieleza. Kwa Wagikuyu wa Nyeri kuni hazikataliwi. Chai utaikataa useme umeshiba, posa utaikataa usamehewe miaka ikipita, lakini mwanamke mwenzio akitua mlangoni pako mzigo aliobeba mgongoni, ukanda umemchora alama kwenye paji la uso, huna mdomo wa kumwambia rudi nazo. Watiri alikuwa na mdomo huo. Na mizigo yenyewe haikuwa mmoja wala miwili.

Alizaliwa Kiriaini miaka ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, akakulia kwenye mashamba ya majani chai, na kitu cha kwanza watu walichokijua kwake ni kicheko. Hakikuwa kicheko cha msichana aliyefunzwa kuficha meno. Kilitoka bonde moja kikafika jingine, na wachumaji wenzake walikitumia kujua yuko safu ipi. Gicheru, ambaye siku hizo alikuwa taniboi wa lori la kubeba majani, alikisikia kicheko kabla hajamwona mwenyewe. Baadaye alipenda kuwaambia watu kwamba yeye alioa kicheko, mwanamke akaja juu yake kama nyongeza ya buchani. Watiri alimjibu kila mara kwamba nyongeza ya buchani huwa ni mfupa, na ndiyo maana umemkaa kooni mpaka leo.

Akaletwa Wamagana. Akapewa miti ya kahawa, ng'ombe mmoja, na mama mkwe. Kahawa na ng'ombe hawakumsumbua. Mama mkwe, Bi Wakonyo, alikuwa kikongwe mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuku anayetafuta nafaka, na alilala katika nyumba ya kupikia, kando ya mafiga, kama wanawake wa umri wake walivyolala tangu zamani. Moto wake haukuzimika. Ulifukiwa jivu usiku ukafufuliwa alfajiri, na kuta za mle ndani zilikuwa nyeusi zikang'aa kama sufuria kuukuu. Yeye na Watiri walipendana kwa namna ya watu wawili wanaogombea mwiko mmoja.

Watiri alipozaa msichana, jina halikujadiliwa. Binti wa kwanza ni wa mama yake baba, basi. Mtoto akawa Wakonyo, na kwa kuwa nyumba moja haiwezi kuwa na Wakonyo wawili bila fujo, wakamwita Kashosho, yaani nyanya mdogo. Na hapo ndipo Watiri alipoonja raha ya mila. Akimkemea mtoto, sauti ingetoka jikoni: "Ati unasema nani mkaidi? Si hilo ni jina yangu?" Mtoto akikataa uji, mama mkwe angetangaza kwamba hata yeye uji wa siku hiyo haujampendeza. Ilikuwa kulea mama mkwe wawili, mmoja mkongwe na mmoja mwenye nepi.

Pumu ilimwanza Kashosho akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Mwanzo ikaitwa mafua, kisha ikaitwa baridi, kisha ikaitwa jicho baya la jirani mmoja ambaye tutamwacha apumzike. Alipofika umri wa kwenda shule alikuwa anajulikana katika wodi ya watoto mjini Nyeri kama mteja wa duka. Bi Wakonyo alilichukua jambo hilo kama tusi. Kifua chake yeye hakijawahi kumuuma, sasa mtoto mwenye jina lake amekitoa wapi hiki kibovu? Akawa anamlaza kando yake, karibu kabisa na moto, na kumpaka mafuta ya kondoo mpaka akanukia karamu.

Mwaka wa 1987, mvua ndefu zikiwa zimeshika, Kashosho alizidiwa siku ambayo baba yake yuko nyumbani. Gicheru wakati huo alikuwa dereva kamili, anapeleka kabichi na viazi vya Karatina hadi Mombasa, na mara zote zilizotangulia habari za kulazwa alizipata akirudi, mtoto tayari anacheza. Safari hii aliona mwenyewe. Aliona shingo ya binti yake ikididimia kila anapovuta pumzi, aliona midomo ikigeuka rangi, na alimbeba mikononi hadi kwenye pikapu ya jirani akiwa hana hata kiatu. Madaktari walimwokoa. Lakini Gicheru alipotoka kwenye baraza ya hospitali, mikono iliyokuwa imezoea usukani wa tani saba ilitetemeka asiweze kushika kikombe.

"Shule ikifungwa mwezi wa nane, nampeleka Makindu," akasema. Dada yake aliolewa huko, kwenye joto na vumbi jekundu la Ukambani, kando ya barabara ya Mombasa. "Huko hakuna baridi. Akae huko, asome huko."

"Akae mpaka lini?" Watiri akauliza.

"Mpaka akuwe mkubwa."

Watiri hakucheka. Aliwaza mtoto wake akianza kumwita mwanamke mwingine mama, kwa Kikamba. Si kwamba wifi yake alikuwa mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi kukataa.

"Nipe hii baridi ya mwezi wa saba," akasema mwishowe. "Akilazwa tena kabla ya shule kufungwa, nitamfungia nguo mimi mwenyewe. Asipolazwa, mtoto ni wangu, anabaki."

Gicheru akakubali. Aliijua Julai ya Nyeri, ukungu wake usioinuka hata adhuhuri na baridi yake inayoingia kwenye godoro. Alikubali kama mtu anayemkopesha mwenzake mwavuli wakati mvua imekwisha, hana cha kupoteza.

Kabla hawajaruhusiwa, muuguzi mmoja aliwaketisha akina mama kwenye benchi. Jina lake Zuena binti Shee, mzaliwa wa Majengo pale Nyeri mjini, Mwislamu wa kilemba cheupe aliyekisema Kigikuyu kuwashinda wengine waliozaliwa nacho. Mkononi alikuwa na chupa ya plastiki ya juisi, kitako chake kimetobolewa kwa waya wa moto. Akachomeka pampu ya dawa kwenye tundu, shingo ya chupa akampa Kashosho aiweke mdomoni.

"Mtoto hawezi kushindana na pampu," akawaambia. "Ukimpulizia mdomoni, dawa yote inabaki kwa ulimi. Sasa hii chupa inashika dawa, yeye anakunywa pole pole kama uji. Tikisa kwanza. Puliza moja. Mwache apumue. Usiharakishe, hakuna gari inakuacha."

Kisha akainua pampu mbili. Ya bluu, akasema, ni ya kifua kikibana. Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, mtoto akiwa mgonjwa au mzima, halafu asukutue mdomo. Akina mama wote wakaitikia ndio, Sista. Watiri aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Akarudi nyumbani na pampu zote mbili zimefungwa kwenye leso, na hapo akafanya kosa ambalo, nakuapia, kila mwanamke mwema wa upande huo angelifanya.

Aliichukua ile ya kahawia akaifungia kabatini.

Lilikuwa kabati la vioo, fahari ya sebule, lenye vikombe vya maua ambavyo havikuwahi kuguswa na mdomo wa mtu asiye mchungaji. Vitambaa alivyofuma kwa mkono vilining'inia kila rafu. Watiri akaisimamisha pampu katikati ya vikombe, akafunga, ufunguo akautia shingoni. Dawa nzuri namna ile, ngumu kupatikana namna ile, uimalize kwa mtoto anayeruka kamba? Kitu kizuri huwekwa kwa siku mbaya. Akiba haiozi, wahenga walisema, ila wahenga hao sidhani kama kuna aliyekuwa na pumu.

Basi mtoto akaendelea na ile ya bluu peke yake, kila mluzi ukianza, mluzi ukizidi kuja. Na wakati huo wanawake wa kikundi wakapanga kuja kumpa pole.

Kikundi kilikuwa cha ngwatio, kazi ya kusaidiana kwa zamu: leo wote wanalima kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mwenyekiti alikuwa Ngendo, mwanamke mkubwa wa umbo na wa moyo, mzee wa kanisa, ambaye akikukumbatia unapotea kwa muda. Ngendo aliamua kwamba mtoto aliyetoka hospitalini na kifua baridi anastahili kupelekewa kuni kama mzazi aliyejifungua. Wakaja wakiimba, wameinama chini ya mizigo, wakaitua uani ikawa kilima. Wakaingia jikoni kwa Bi Wakonyo, wakajaza mafiga, na kwa mapenzi yao yote wakawasha moto ambao ungeweza kuivisha fahali. Kashosho wakamketisha mbele kabisa, amefunikwa blanketi mbili, ili joto limwingie vizuri.

Wimbo wa tatu haukwisha. Watiri, aliyekuwa anachuja chai, alimwona binti yake akifungua mdomo na kufunga kama samaki aliyetolewa mtoni. Akamnyakua na blanketi zake, akatoka naye nje, akaitisha chupa. Tikisa. Puliza. Pumua, mama. Wanawake walisimama mlangoni, moshi ukiwatoka mabegani, nyuso zimewaanguka. Ilichukua muda, na Watiri alizeeka kidogo, lakini kifua kikafunguka. Ngendo, akilia, akasema bila shaka ni baridi ya hapo nje, warudishe mtoto ndani wakaongeze kuni.

"Hapana," Watiri akasema.

"Hapana gani?"

"Hizi kuni, Ngendo. Mnisamehe. Rudini nazo."

Bi Wakonyo alijifunika uso kwa shuka. Wanawake waliinua mizigo yao kimyakimya wakapanda kilima, na hicho ndicho kisa kilichozunguka soko la Karatina kabla ya Jumamosi kufika.

Siku ya kliniki Watiri alimweleza Sista Zuena yote, machozi yakimlenga. Zuena alimsikiliza, akamsifu kwa chupa, kisha akaomba kuziona pampu. Akaitikisa ya bluu, ilikuwa nyepesi karibu kwisha. Akaitikisa ya kahawia. Akaitikisa tena. Akaitazama na kukuta hata alama ya midomo haina.

"Mama Kashosho. Hii ilikuwa inakaa wapi?"

"Kwa kabati, Sista. Na vikombe."

"Na vikombe gani?"

"Za wageni."

Zuena alijaribu kujizuia. Aliuma mdomo, akageukia dirisha, mabega yakaanza kumcheza, na mwishowe akacheka mpaka kilemba kikalegea. Watiri akamtazama, na yeye akaanza, na kicheko cha Kiriaini kikaenda mpaka wodi ya wanaume.

"Sikia, dada yangu," Zuena akasema akijifuta macho. "Ya bluu ni kama mtu wa kuzima moto. Anakuja nyumba ikishaanza kuungua. Lakini hii nyingine inafanya kazi ya kuziba ufa, kidogo kidogo, kila siku. Kifua ya mtoto imevimba ndani hata akiwa anacheza. Ukiiweka kwa kabati, unangoja ugonjwa na mlango wazi."

"Si mngeniambia ni kama kupiga kahawa dawa," Watiri akasema. "Kahawa hungoji iugue. Ukingoja, umechelewa."

"Haya basi, nimekuambia. Na moshi?"

Watiri akashusha pumzi. Moshi ulikuwa mama mkwe wake, na Ngendo, na wanawake wote wa kikundi. Kikulacho ki nguoni mwako. Zuena hakumpa maneno. Alimpa mrija wa kunywea soda, akamwambia azibe pua, apumue kwa ule mrija tu, na atembee mpaka lango la hospitali na kurudi. Watiri hakufika langoni. Alirudi mbio, mkono kifuani, ameutupa mrija, na kwa mara ya kwanza tangu amzae alijua mtoto wake anaishi vipi. Akakaa chini akalia kweli. Kisha akainuka na wazo.

Zamu ya ngwatio nyumbani kwake iliangukia mwisho wa Juni. Wanawake walikuja kwa sababu ngwatio haivunjwi kwa hasira, lakini walikuja na nyuso za kufunga duka. Wakauliza shamba lipi. Watiri akawaambia leo hakuna kulima kwanza. Akaingia kwenye maboga yake, akakata majani, akachuna miiba midogo ya vikonyo, na kumpa kila mmoja bua lililo wazi ndani, jembamba kama kalamu. Watoto wote wa milimani wameyachezea mabua hayo. Wazee wa kanisa, hawajayachezea siku nyingi.

"Mzibe pua," akasema. "Mpumue na hii peke yake. Halafu twende mpaka mti ya mparachichi na kurudi. Nani ataniacha?"

"Umerukwa na akili," Ngendo akasema.

"Niko na akili yangu yote. Ama mnaogopa?"

Hakuna mwanamke wa Wamagana anayeulizwa swali hilo akabaki ameketi. Wakaziba pua. Wakaondoka kwa vishindo, leso zikipepea, kila mmoja na bua la boga mdomoni, na jirani aliyekuwa anapita na mbuzi wake alisimama akasahau alikokuwa akienda. Wa kwanza alitema bua kabla ya banda la ng'ombe. Wa pili akafuata. Ngendo alijikaza mpaka kwenye mparachichi, uso umeiva, akauegemea mti na kuhema kama ng'ombe aliyepanda kilima cha mto. Wakacheka wakaanguka. Hata waliokuwa na uchungu wa kuni walicheka.

Bi Wakonyo hakuwa ameenda mbio. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, bua mdomoni, pua ameibana kwa vidole viwili, na macho yamemtoka. Alivumilia kuliko wote. Alipolitoa bua, kicheko kilikuwa kimekwisha uani.

"Hivi ndivyo anapumua?" akauliza.

"Hivyo, mama. Siku mbaya."

"Na mimi namuwekea moshi juu yake." Kikongwe alilitazama bua mkononi. "Mimi mwenyewe. Na jina yangu."

Akalia, na Ngendo akamkumbatia akapotea kwa muda. Alipoibuka, ndiye aliyetoa amri. Ile nyumba ya kupikia ivunjwe. Watu wamesimama kufanya nini, kwani majembe walileta ya kuangalia? Siku hiyo kahawa haikuguswa. Wanawake walibomoa kuta nyeusi wakaimba, masizi yakawageuza wote rangi moja, na zamu iliyofuata na ile ya baada yake walizitoa kwa jiko jipya, mbali na nyumba, upande ambao upepo unachukua moshi kwenye kahawa, lenye madirisha mawili na bomba la bati la kutolea moshi. Mizigo ya kuni iliyokataliwa ilirudishwa, ikapangwa humo. Bi Wakonyo akahamia nyumba kubwa, akalalamika kuhusu kitanda wiki nzima, kisha akaanza kuchelewa kuamka.

Ufunguo wa kabati Watiri alimkabidhi Kashosho mwenyewe. Kila asubuhi mtoto alifungua, akatoa pampu ya kahawia kati ya vikombe, akavuta, akasukutua, akarudisha. Bi Wakonyo alisimamia. Alikuwa ameihamisha imani yake yote kutoka kwenye moto hadi kwenye chupa, na imani yake haikuwa ndogo. Mgeni akija na sigara alifukuzwa kabla ya salamu. Mwalimu wa darasa aliitwa nyumbani akafundishwa, akaonjeshwa bua. Ngendo alifundishwa, mke wa mchungaji akafundishwa, mwenye duka la sukari akafundishwa, kwa sababu pumu haichagui itakukutia kwa nani.

Julai ikaja. Ukungu ukaketi juu ya Wamagana kama mgeni asiyejua kuaga. Kashosho alikohoa kidogo, akaenda shule, akarudi. Wiki ikapita, na nyingine. Watiri alilala huku sikio moja limesimama, akisikiliza mluzi ambao haukuja, na hakuthubutu kufurahi kwa sauti.

Jumamosi moja, mwezi ukielekea kuisha, alikuwa anarudi kutoka Karatina alikouza kabichi. Alipokata kona ya njia akaliona lori la Gicheru langoni. Halikupaswa kuwa hapo. Mlango ulikuwa wazi, injini inanguruma, na ndani hakuna mtu. Akajua. Akatupa kikapu akakimbia, na njiani alikuwa tayari amemfungia mtoto nguo, ameshamuaga, ameshalala peke yake katika nyumba isiyo na sauti.

Uani, kwenye kigoda, Kashosho alikuwa ameketi ameinama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Mbele yake, magoti kwenye matope, alikuwa Gicheru na chupa.

"Tikisa kwanza, Baba," Bi Wakonyo alikuwa anamwambia mwanawe. "Umesahau kutikisa. Haya. Moja tu! Sasa mwache apumue."

"Mama, twende hospitali, rori iko tayari..."

"Itangoja. Hata njiani ni hii hii tungempa. Shika chupa vizuri, mkono yako inacheza."

Watiri alinyoosha mikono kuichukua chupa. Kikongwe akamzuia kwa kidole kimoja.

"Mwache. Ni mtoto yake pia."

Watiri akasimama, mikono kichwani, akamtazama mume wake akihesabu pumzi za binti yao kwa midomo isiyo na sauti. Bi Wakonyo akamwinamia mjukuu.

"Sema maneno marefu, bila kupumzika katikati, kama Sista alisema. Ukikatika, dawa tena."

"Baba..." Kashosho akavuta hewa. "Zima..." Akavuta tena. Sentensi ikabaki hapo.

Gicheru alimtazama mama yake. Alikuwa na uso wa mtu anayeomba ruhusa ya kukimbia. "Tena," akasema kikongwe. "Kama hii haitashika, tunaingia rori." Gicheru akatikisa bila kukumbushwa, akapuliza, akangoja. Puliza, ngoja. Mkono wake ukaacha kucheza. Polepole mabega ya mtoto yakashuka, shingo ikajaa, rangi ikarudi usoni, na Kashosho akasukuma chupa pembeni akainua kichwa.

"Baba zima hiyo lori yako moshi yote inakuja hapa kwetu na Shosho alikataza mtu yeyote asilete moshi kwa hii boma!"

Kwa pumzi moja. Yote, mpaka nukta.

Bi Wakonyo akapiga makofi. Watiri akamshika mtoto, akamsikiliza kifua kwa sikio lake mwenyewe, akasikia upepo mzuri, mpana, ukiingia na kutoka bila kugonga mlango. Alitaka kucheka, akalia. Gicheru akaenda langoni. Injini ikanyamaza, lakini hakurudi. Watiri alimkuta kwenye kiti cha dereva, ameshika usukani wa lori lililozimwa, machozi yanamtiririka. Akapanda akaketi upande wa pili.

"Sikuwa namtoa hapa kwa sababu ya baridi," Gicheru akasema. "Niliogopa siku moja nitakuwa mimi peke yangu na yeye, na sijui kitu ya kufanya. Niliogopa afie kwa mikono yangu."

"Na sasa?"

Akaiangalia mikono yake, yenye matope hadi kwenye viwiko. "Sasa imejua."

Ukungu ulipita mbele ya kioo. Shule ilikuwa ifungwe Ijumaa iliyokuwa inakuja. Gicheru akakohoa kidogo, kama mtu mwenye deni la maneno.

"Dada yangu ameshanunua godoro ya mtoto. Nitamwambia nini?"

Dirisha lilikuwa wazi, na Bi Wakonyo alikuwa na masikio.

"Mwambie alete hiyo godoro huku," akapaza sauti kutoka uani. "Yangu ni ngumu."